Giza la Usipa na Jicho la Kamera

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wetu wa Ruvuma, mwezi una hesabu mbili: ile ya kalenda iliyotundikwa ukutani, na ile ya wavuvi wa usipa, ambao kwao siku zote hugawanyika katika mbalamwezi na giza, na giza ndilo lenye riziki, kwa kuwa samaki yule mdogo huvutwa na taa, na taa haina haiba mbele ya mwezi mpevu. Jioni ya giza, jua likiisha kuzama ng'ambo ya maji, vyombo huondoka Mbamba Bay na vijiji vya jirani kimoja kimoja, vikichukua taa ambazo zamani zilikuwa karabai na sasa aghalabu ni balbu za betri, na itimiapo saa mbili usiku upeo wote wa magharibi umetiwa nukta za nuru. Mimi si mvuvi, na wavu sijapata kuuvuta ila kwa mzaha. Lakini kalenda yangu ya kupiga picha za nyota nimeipata kwao, maana usiku umfaao mvuvi wa usipa ndio huohuo umfaao mtu atakaye kuinasa Njia Nyeupe kwa kamera, na kama si wao ningali nikiteremka milima ya Umatengo usiku wa mwezi mpevu na kurudi mikono mitupu.

Swali la kamera nimeulizwa na vijana wengi tangu tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo jua lilipatwa kipete, umati wa watu ukakusanyika Rujewa katika wilaya ya Mbarali kulishuhudia, nasi wa Mbinga, tuliokuwa kando ya njia ya kivuli, tukaliona likimeguka kiasi cha adhuhuri hata likabaki hilali, na chini ya miembe, kila upenyo wa nuru kati ya majani ukachora ardhini hilali ndogo, mamia kwa mamia, bila ya kamera wala miwani. Tangu siku hiyo swali ni lilelile: mzee, mtu akitaka kupiga picha za mbinguni, anunue kamera gani? Waulizao hutaraji nitaje jina la kampuni na namba ya toleo, wakaliandike katika simu na kulitafuta Kariakoo. Mimi huwajibu kwa kuwauliza watasimama wapi na usiku gani, nao wengi huniona mzee mwenye kukwepa. Insafu ni kuwa sikwepi. Niliowaona wakipoteza fedha zao katika jambo hili karibu wote walianzia dukani, ilhali lilikuwa la kuanzia ufukoni.

Mjini Mbinga, ulio juu zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, harusi hufuata kahawa: buni ikiisha kuchumwa, kukaushwa na kulipwa, kadi za michango huanza kuzunguka, na wapiga picha hupata kazi kila Jumamosi. Kwa sababu hiyo mji huu mdogo una kamera kubwa nyingi kuliko mgeni awezavyo kudhani, na mwaka uliopita kijana mmoja wa kazi hiyo aliniona nikipita mbele ya studio yake, akatoka nje.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Habari za kazi?”

“Kazi ipo. Nasikia unatafuta kamera ya nyota. Hii yangu naiuza, nimeshapata ile isiyo na kioo. Ila nisikudanganye, mzee, hii ni ya harusi, si ya nyota.”

Kamera yenyewe ilikuwa Canon EOS 600D, toleo la mwaka 2011, yenye pikseli milioni 18, iliyochakaa pembeni kwa kushikwa na kutokwa jasho, na kauli ya yule kijana, ambayo aliitoa kwa uaminifu kabisa, ina kweli kidogo na kosa kubwa ndani yake, nami nataka kuzitenga hizo mbili polepole.

Kwanza, kwa nini aiuze? Kamera ya aina hii, ambayo watu huiita DSLR, ina kioo kidogo kilichoinamishwa nyuma ya lenzi, kirushacho taswira hadi katika tundu la kutazamia, na kidole kikibonyeza, kioo huinuka na nuru hukifikia kihisi. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya wapiga picha, lakini mwaka 2018 Canon na Nikon wote wawili waliingiza sokoni kamera kubwa zisizo na kioo hicho, na tangu hapo fikra na fedha za watengenezaji zimehamia huko, na wapiga picha wa harusi, ambao riziki yao inataka kamera ifuatayo uso wa bibi harusi kwa wepesi, wamezifuata. Kilichobaki nyuma ni shehena ya kamera nzuri za kioo zinazouzwa kwa bei ya huruma. Na nyota, msomaji, hazina haraka ya bibi harusi. Hazikimbii, hazifumbi macho, hazina shangazi wa kupita mbele ya lenzi. Karibu kila sifa mpya ambayo kamera ya leo inalipiwa fedha nyingi, kama vile kutafuta uso wenyewe na kupiga picha ishirini kwa sekunde, usiku wa Mbamba Bay ni mzigo tu. Kwa hiyo mtu wa kipato cha mkulima wa kahawa au cha mwalimu amepata fursa ambayo miaka kumi nyuma haikuwapo, na itadumu maadamu betri na lenzi za kamera hizi zinapatikana.

Tukiisha kukubaliana juu ya hilo, niseme neno ambalo wauza kamera hawalipendi: katika picha ya nyota, mwili wa kamera ndio jambo dogo, lenzi ndiyo jambo kubwa. Dunia huzunguka, na kamera iliyosimama juu ya stendi huzunguka nayo, kwa hiyo nyota ambayo jicho laiona imetulia huandika mstari katika picha kama shata, lile pazia la kihisi, itaachwa wazi kupita kiasi. Wapiga picha wana kanuni ya mkato ya kukisia kiasi hicho: chukua 500, uigawe kwa urefu wa fokasi wa lenzi, baada ya kuuzidisha urefu huo kwa 1.6 ikiwa ni Canon ya kihisi kidogo, au kwa 1.5 ikiwa ni Nikon. Kwa lenzi ya milimita 18 katika ile 600D hupata sekunde kiasi cha 17; kwa lenzi ya milimita 50 hupata 6 tu. Katika sekunde hizo chache ndimo nuru yote ya nyota sharti iingie, na mlango wake ni tundu la lenzi. Lenzi ya kawaida ambayo huuzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, hufunguka katika upana wake mwisho f/3.5, yaani tundu la kipenyo cha milimita 5 na ushei, lisilozidi punje ya hindi. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi mpya zilizo nafuu kabisa za Canon na Nikon, ina tundu la karibu milimita 28. Tofauti hiyo hakuna kihisi cha kuifidia, hata kikiwa cha dhahabu.

Kwa hiyo kama mtu ana fedha za kamera mpya na lenzi yake ya kawaida, mimi humwambia anunue kamera iliyotumika, na kinachobaki akitie katika lenzi pana yenye tundu kubwa, mfano ile ya Samyang ya milimita 14 na f/2.8, isiyo na mota ya kujilenga yenyewe na kwa ajili hiyo kuwa rahisi. Ukosefu wa mota si ila. Katika giza la Nyasa hakuna mota iwezayo kulenga nyota. Utalenga kwa mkono, kwa mkono wako mwenyewe, na hapa niungame kosa langu, ili lisirudiwe na mwingine. Usiku wangu wa kwanza katika ufuko ule niliizungusha pete ya lenzi hadi katika ile alama ya nane iliyolala, ambayo maana yake ni umbali usio na mwisho, nikajiambia kuwa nyota ziko mbali kiasi cha kutosha, nikapiga picha mia na sabini hadi alfajiri. Zote zilikuwa na dengu badala ya nyota. Alama ile ni makadirio ya kiwandani tu, na joto na baridi huihamisha. Njia ya haki ni kuielekeza kamera kwenye nyota kubwa, Zuhura au Mushtari kama zipo, Suheli au Shira kama hazipo, kuikuza taswira katika kioo cha nyuma mara kumi, na kuizungusha pete kwa upole wa mtu apimaye dhahabu hadi nukta iwe ndogo kadiri iwezekanavyo.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza juu ya mwili wa kamera ni kwamba kioo cha nyuma kiweze kuonyesha mandhari moja kwa moja kabla ya kupigwa picha, jambo lililoandikwa Live View katika vitabu vya kamera. Kamera za bei nafuu zilianza kulipata kiasi cha mwaka 2008, zilipotoka Canon 450D na Nikon D90. Iliyo kongwe kuliko hizo, hata ukipewa bure, mpe mtoto achezee. Sharti la pili ni kioo hicho kiwe cha kukunjuka. Hapa nataka msomaji asinielewe kuwa nadekeza shingo yangu. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya kaskazini, ambako kitovu cha Njia Nyeupe, kilicho katika upande wa Kausi, hutambaa chini karibu na upeo. Aliyeko London hukipata kwa digrii kumi tu juu ya ardhi, na kamera yake hutazama mbele kama mtu atazamaye barabara. Mbamba Bay iko kiasi cha digrii 11 kusini ya ikweta, na kitovu hichohicho hutupitia juu ya vichwa, digrii zaidi ya 70. Mwenye kamera ya kioo kisichokunjuka atalala chali mchangani chini ya stendi yake kila atakapolenga, na baada ya saa moja atajuta, na mchanga utaingia mahali usipotakiwa. Canon 600D na 60D zina kioo hicho. Kadhalika Nikon D5300 ya mwaka 2013, yenye pikseli milioni 24 na uwezo wa kujipigia picha kwa vipindi bila ya kifaa cha kando. Kichwa cha stendi nacho kijaribiwe kuelekea juu kabisa kabla ya kulipa, kwa kuwa vingi hugota njiani.

Pikseli zenyewe nitazipita haraka: kuanzia milioni 12 zatosha. Ukubwa wa kihisi una maana zaidi, na kile kikubwa cha milimita 36 kwa 24 hukusanya nuru pana kuliko kile kidogo cha takriban 22 kwa 15, lakini huja na lenzi za bei ya juu, na kwa mwanzaji sioni dharura. Ama swali la simu, ambalo halikosekani, simu za siku hizi zimejua kusimama dakika kadhaa na kutoa picha ya nyota ya kustaajabisha; mwenye nayo aitumie, aiegemeze juu ya jiwe, asinisubiri mimi.

Nirudi kwa kijana na kamera yake ya harusi, maana kununua kamera iliyotumika kuna tadbiri yake. Nilimwomba anipishe dakika kumi katika chumba chake cha nyuma, nikafunika lenzi kwa kifuniko chake, nikaweka ISO 1600 na sekunde 30, nikapiga picha ya giza tupu. Picha ya namna hiyo hueleza habari za kihisi kuliko maneno ya muuzaji: ukiikuza, utaona vinukta vyekundu, vya buluu na vyeupe, navyo ni pikseli zilizochoka zinazowaka bila ya kuwashwa. Vichache si kitu. Vikiwa kama uji uliomwagikiwa pilipili, rudisha kamera kwa adabu. Kisha nikauliza idadi ya picha ilizokwisha piga, kwa sababu shata nayo ina umri, na kwa kamera za kiwango hiki watengenezaji hukisia kiasi cha 100,000, ilhali mpiga picha wa harusi mwenye bidii huifikia hesabu hiyo katika misimu michache. Mwisho nikaitoa lenzi, nikamulika tochi upande mmoja na kutazama upande wa pili. Hapo ndipo nilipokuta nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui, na hilo ni kuvu. Unyevu wa ziwa na ukungu wa milimani hulilisha kuvu lile katika lenzi zilizofungiwa ndani ya mkoba miezi ya masika, nalo likiisha kuzama katika kioo halitoki bila ya fundi. Kamera niliichukua, lenzi nikamwachia, naye hakununa. Aliniambia kuwa yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza kwa nini picha zake za mwisho zilikuwa na ukungu hata katika ukumbi uliofungwa.

Sasa ile kweli iliyokuwa ndani ya kauli yake. Kamera za nyota hasa zimewahi kuwapo. Canon walitoa EOS 20Da mwaka 2005, kisha 60Da mwaka 2012. Nikon wakatoa D810A mwaka 2015. Zilitofautiana na ndugu zake za kawaida kwa chujio lililo mbele ya kihisi. Mawingu ya haidrojeni yaliyotapakaa katika Njia Nyeupe, ambamo nyota huzaliwa, hutoa nuru nyekundu ya mawimbi ya nanomita 656, na chujio la kamera ya kawaida, lililowekwa ili nyuso za watu zisionekane zimeiva kama nyanya, huzuia karibu robo tatu ya wekundu huo. Kamera ya nyota huuachia upite. Wako mafundi ughaibuni walifanyao jambo hilohilo kwa kamera ya kawaida, kwa kuifungua na kulitoa chujio, nami nimeulizwa kama inafaa kujaribu nyumbani. Rai yangu ni hapana, au walau si katika mwaka wa kwanza. Kamera iliyotolewa chujio haifai tena harusi bila ya kupindua rangi zote, na katika mji kama Mbinga, ambako kamera moja ni chombo cha kazi siku ya Jumamosi na chombo cha starehe siku ya Jumanne, kuinyima kazi ni kuifanya ghali kuliko ilivyonunuliwa. Kitovu cha Njia Nyeupe, makundi ya nyota, Kilimia, na yale mawingu mawili ya Magellan ya upande wa kusini, hayo yote huja vizuri na chujio likiwa mahali pake. Mwenye kutamani wekundu aungoje.

Na asiyetaka kungoja, ila apendaye kazi ya mikono, ana njia nyingine ya kuikusanya nuru zaidi, nayo hainunuliwi dukani bali kwa seremala. Mskoti mmoja, George Haig, aliutangaza mwaka 1975 mtambo wa mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, kamera ikakaa juu ya ubao wa juu, na bolti ikausukuma ubao huo taratibu ili kamera iifuate mbingu. Hesabu yake ni tamu: ukitumia bolti ya milimita 6, ambayo kila mzunguko mmoja huenda milimita 1, na ukaiweka milimita 228 na nusu kutoka katika bawaba, basi kuizungusha mara moja kila dakika, ukitazama saa ya mkononi, huilinganisha kamera na mwendo wa dunia. Ule wangu aliuchonga seremala wa Mbinga ambaye aliniuliza ni mlango wa nini, na nilipomweleza hakucheka, alipima tena milimita zile mara tatu. Kwa mtambo huo sekunde 6 za lenzi ya 50 zimekuwa dakika moja na nusu.

Tatizo ni kuielekeza bawaba. Wa kaskazini wana nyota ya Jaa, iliyosimama karibu na ncha ya mbingu, mabaharia wa pwani wakiijua na kuitegemea. Kwetu Nyasa nyota hiyo imezama chini ya upeo, na ncha ya kusini, ambayo ndiyo yetu, haina nyota ya maana ya kuitambulisha. Hapo hutumia mkono. Nyosha mkono, kunja ngumi: upana wake ni kiasi cha digrii kumi, na ncha ya kusini kwa mtu wa Mbamba Bay iko digrii kumi na moja, ngumi moja na ziada ya kidole kidogo juu ya maji. Msalaba wa Kusini ukiwa juu, urefushe mti wake mrefu mara nne na nusu kuelekea chini ya mguu wake, utaangukia papo hapo. Mbingu upande huo huzunguka kama mishale ya saa, nayo bolti sharti iusukume ubao kwa mkondo huo. Niliwahi kuuweka kinyume, na nyota zikachora mistari mara mbili ya ile ambayo zingechora kamera ikiwa imetulia.

Asiyetaka mbao wala bawaba apige picha nyingi fupi za mahali pamoja, kisha azikusanye katika kompyuta kwa programu za bure kama Siril au DeepSkyStacker, kwa kuwa chenga za picha hupungua kwa kipeuo cha pili cha hesabu yake: picha 16 zilizounganishwa huwa na utulivu mara nne ya moja. Hilo lataka kamera iandike picha ghafi, iliyoandikwa RAW katika orodha yake. DSLR zote nilizozitaja huweza.

Majira nayo yachaguliwe kama kamera. Mawingu ya masika hayana dawa, na ni hasara kubwa, kwa kuwa miezi ya mvua ndiyo ambayo mawingu ya Magellan husimama juu zaidi katika usiku wa mapema. Wenye subira huyapata Oktoba, alfajiri ya saa tisa na kumi. Juni na Julai anga ni safi, lakini Umatengo hufunikwa na ukungu wa baridi usiokuonyesha hata mashimo ya kilimo cha ngoro yaliyo chini ya miguu yako, na ziwani kusi huvuma na kuitikisa stendi, hata ikabidi kuining'inizia mfuko wa mchanga. Septemba na Oktoba mashamba huchomwa, na moshi huipaka mbingu ya chini rangi ya kutu. Mimi nimechagua giza la Agosti. Saa tatu usiku kitovu cha Njia Nyeupe huwa karibu utosini, kisha huteremka bila ya papara kuelekea ziwani, na itimiapo saa nane kimebaki ngumi mbili juu ya maji, juu ya taa za usipa kabisa. Tangu lami ilipoteremka kutoka Mbinga, safari ya kilomita zisizofika sabini ni jambo la alasiri moja. Betri mbili, kitambaa cha kufutia umande, na tochi iliyofungwa karatasi nyekundu ili macho yasipoteze giza lake, vyote huingia katika mkoba mmoja.

Taa zile hapo mwanzo nilizichukia. Kwa jicho la kamera iliyofunguliwa sekunde 17 taa ya mtumbwi ni jua dogo, na nilihama ufuko mara mbili kuzikimbia, nikafika hadi karibu na Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake lifananalo na sanamu la Misri, nikazikuta huko pia. Agosti iliyopita nilikoma kuzikimbia. Niliweka ile kamera ya harusi juu ya stendi, lenzi ya milimita 14 ikiwa wazi kabisa, nikayaacha maji yachukue theluthi ya chini ya picha, nikapiga hadi vyombo vilipoanza kurejea.

Mzee mmoja aliyetangulia kutia chombo chake pwani alinikuta nikizitazama picha katika kioo. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba kuona. Nilidhani atazistaajabia nyota, nikaanza kumwonyesha Akarabu na mkia wake, lakini kidole chake kilikwenda chini, kwenye taa. Nyota katika picha ile zilikuwa nukta. Taa zilikuwa vijistari, kila moja na urefu wake, kwa kuwa vyombo vilikuwa vikisogea wakati shata iko wazi. Aliomba niikuze. Akavifuata vile vijistari kimoja kimoja kwa ukucha, bila ya kukigusa kioo.

“Hawa wote wamebebwa kaskazini,” alisema. “Huyu hapa hakubebwa, ametia nanga. Na hii ilikuwa saa ngapi?”

Nilimwambia saa saba na robo.

“Basi maji yaligeuka kabla ya saa nane,” akasema, akawageukia vijana wake waliokuwa wakishusha usipa, akawaita waje waone.